Jinsi Mtoto Ajifunzavyo Kusimama Imara

Mtoto aingiapo darasa la kwanza hujikwaa mara nyingi, na wenzake humcheka. Mwalimu asiyejua sababu aweza hata kumwita mzembe. Lakini historia ya elimu ya mwili yatuonya tusihukumu upesi, maana kusimama kwa miguu miwili ni kazi ya miaka mingi.

Mwaka 1918 Ernst Moro, daktari wa watoto katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, alieleza jambo aliloliona kwa watoto wachanga. Alimlaza mtoto, kisha akaupiga mto pande zote mbili kwa viganja vyake. Mara mtoto akaitupa mikono wazi, akairudisha kifuani kana kwamba anamkumbatia mama yake. Hakufundishwa na mtu, wala hakukusudia. Kwa kawaida mwendo huo wa kuzaliwa nao hufifia mtoto akaribiapo miezi 6, ubongo wake ukizidi kukomaa.

Kabla ya hapo, mjini Vienna, Robert Bárány alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio. Aliona kwamba maji ya baridi huwatia kizunguzungu na kuyachezesha macho yao. Maji ya moto nayo huyachezesha kwa upande wa pili. Akafahamu kuwa ndani ya sikio mna vijia vyenye majimaji, na kwamba mwendo wa majimaji hayo huupasha ubongo habari za kichwa. Kwa kazi yake alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, naye wakati huo alikuwa mfungwa wa vita nchini Urusi.

Kisha mwaka 1985, huko Marekani, Anne Shumway-Cook na Marjorie Woollacott waliwasimamisha watoto juu ya ubao uliosogezwa ghafula. Ajabu ni kwamba watoto wa miaka 4 hadi 6 walichelewa kujiweka sawa kuliko wadogo zao. Bali wa miaka 7 hadi 10 walikaribia watu wazima. Wataalamu hao waliona kuwa umri huo wa kati ni wa mageuzi: mtoto anajifunza kupatanisha habari za macho, za masikio na za nyayo.

Basi, umwonapo mdogo wako akiyumba, usimcheke. Mwache akimbie, aruke, atembee juu ya gogo. Akizidi kuanguka kuliko wenzake, apelekwe kwa daktari, wala asichapwe. Wahenga walisema kweli: pole pole ndio mwendo.