Pulsa za eksirei zisizo za kawaida: utambuzi kwa infraredi

Pulsa za eksirei zisizo za kawaida ni nyota za nyutroni zinazojizungusha polepole, nyingi zikichukua sekunde 5 hadi 12 kwa mzunguko mmoja, lakini zinatoa eksirei nyingi kuliko nishati inayopotea mzunguko unapopungua kasi. Mwaka 1995 ilipendekezwa kwamba zinafyonza gesi ya nyota jirani, huku Christopher Thompson na Robert Duncan wakitetea usumaku mkali mno kuwa chanzo. Nyota jirani ingepaswa kuonekana. Kwa kuwa pulsa hizi nyingi ziko kwenye bapa la Njia Nyeupe, ambako vumbi humeza mwanga wa kawaida, ilibidi itafutwe kwa infraredi, ambayo hupenya vumbi hilo kwa urahisi zaidi.

Tatizo ni kwamba bapa hilo limesongamana nyota. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ilipunguza kosa la mahali hadi chini ya sekunde moja ya pembe, na bado kwenye eneo la pulsa 1RXS J170849−400910 zilipatikana nukta kadhaa hafifu zinazoweza kuwa chanzo cha eksirei hizo. Mahali, basi, hupunguza tu idadi ya wanaoshukiwa. Kinachothibitisha ni mwenendo. Pulsa 1E 2259+586 ilipolipuka Juni 2002, nukta ya infraredi iliyokuwa imekwisha kutambuliwa iling'aa takriban mara tatu zaidi, kisha ikafifia sambamba na eksirei. Nyota ya kawaida iliyosadifu kuwa hapo isingefanya hivyo.

Wapo watakaosema kwamba hata sahani ya vumbi inayoizunguka pulsa ingeng'aa ikipigwa na eksirei. Hoja hii ina uzito: mwaka 2006 darubini ya Spitzer ilionyesha kwamba pulsa 4U 0142+61, iliyoko kwenye kundinyota la Kasiopeia, ina infraredi ya ziada inayolingana na sahani ya masalia ya supanova. Hata hivyo, mwaka 2002 Brian Kern na Christopher Martin walikuta mwanga unaoonekana wa pulsa hiyohiyo ukipigapiga kwa sekunde 8.7, sawa na eksirei, tena kwa kina kikubwa kuliko eksirei zenyewe. Sahani inayorudisha tu mwanga iliyopokea haiwezi kwa urahisi kuzidisha mpigo huo. Kwa hiyo yaelekea mwanga unaoonekana hutoka kwenye usumaku wa nyota yenyewe, na sahani, kama ipo, huchangia infraredi ya mawimbi marefu zaidi. Nyota jirani ya kulishwa gesi haijapatikana.