Kanda ya Kuka, Dikoda ya Kukhu

Kukhu, bibi yangu, aliipakata dikoda kutoka Bungoma hadi Kitale, imefungwa kwa leso, kama mtu anayepeleka kliniki mtoto wa wiki mbili. Matatu ilipofika Kiminini kondakta alimwomba aiweke chini ya kiti apishe abiria. Alikataa. Fundi wa karibu na steji ya Kitale aliipokea kwa mikono miwili, akaitegea sikio, akaichomeka kwenye stima, akasikiliza tena.

"Mama, hii imezeeka. Mpya siku hizi si ghali."

"Sitaki mpya, mwanangu. Nataka vilivyo ndani."

Vilivyo ndani ni rekodi za miaka saba. Mwanawe wa Nairobi alimnunulia dikoda hiyo, ile aina yenye diski kuu tumboni, akamfundisha kitufe chekundu cha kurekodi, na tangu siku hiyo Kukhu hakupitwa na jambo. Kuna vipindi vya Papa Shirandula, alivyozidi kuviweka baada ya Charles Bukeko, Papa mwenyewe, kufariki Julai 2020. Kuna ibada za Jumapili. Kuna mechi ya Cairo ya tarehe 27 Juni 2019, Harambee Stars walipowafunga Taifa Stars wa Tanzania mabao 3 kwa 2. Na kuna taarifa za habari za jioni ambazo sababu ya kuwekwa anaijua yeye mwenyewe. Malipo ya mwezi yalikatika zamani. Sasa diski imeanza kulia kriii kila inapowashwa, na fundi yeyote anaijua maana ya mlio huo.

Katika nyumba ya Kukhu, juu ya kabati, yamo maboksi mawili ya kanda za video za marehemu babu yangu, Kuka. Nyingine zina zaidi ya miaka thelathini. Zile hakuna aliyezikimbiza kwa fundi. Kuvu imezila pembeni, lakini ukiipata deki inayofanya kazi utaona picha. Tofauti hiyo kati ya kanda ya mzee na dikoda ya mkewe ndiyo iliyonifanya niandike.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likataifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi kuwa KBC. Kwa sehemu kubwa ya muda huo, kipindi kilichokupita kilikuwa kimekupita. Ukichelewa shambani, ukikuta betri ya gari haijarudi kutoka kuchajiwa mjini, au upepo ukiupinda mlingoti wa antena na runinga ikabaki na chenga tupu, utasimuliwa na majirani. Majirani nao walikuwa na chumvi zao.

Wakubwa wa utangazaji wenyewe hawakuwa na akiba kubwa kuliko yetu. Mfumo wa kwanza wa mkanda wa video uliofaa kazi ya utangazaji ulitolewa na kampuni ya Ampex ya Marekani mwaka 1956, na mkanda wenyewe ulikuwa ghali mno, kwa hiyo vituo vingi duniani vilifuta cha jana ili kurekodi cha leo. BBC ya London ilifuta mamia ya vipindi katika miaka ya 1960 na 1970. Tamthilia yao ya Doctor Who ikabaki na mapengo, hadi Oktoba 2013 ilipotangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Zilikuwa nakala za filamu zilizouzwa Afrika zamani zile, zikasahaulika kwenye rafu. Waingereza wakaja kutafuta kumbukumbu yao kwetu! Nikisoma habari hiyo huwa nawaza maghala yetu wenyewe na yaliyomo, ila tuendelee.

Kilichobadilisha sebule ni VHS, iliyotolewa na JVC ya Japani mwaka 1976. Kuka alikuwa mfanyakazi wa Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi cha Webuye, na deki aliinunua kwa mshahara wa huko. Kiwanda kilifunga milango mwaka 2009. Deki ilikuwa bado inazunguka. Aliiheshimu kuliko redio, kuliko baiskeli, na watoto waliruhusiwa kuigusa kwa macho tu. Hedi zake alizisafisha mwenyewe kwa pamba na spiriti.

Kanda ya E-180 ilikuwa na dakika 180, saa tatu kamili, na Kuka hakupoteza hata moja. Kwenye mgongo wa kanda kuna kijimeno cha plastiki. Ukikivunja, deki haikubali kurekodi juu yake tena. Ukibadili mawazo, unabandika selotepu pale penye tundu, inakubali. Serikali nzima ya nyumba ile iliendeshwa kwa kijimeno hicho. Vitimbi vya Mzee Ojwang' na Mama Kayai, kijimeno kimevunjwa. Vioja Mahakamani, kimevunjwa. Tausi, kimevunjwa, kisha selotepu, maana mwezi Agosti wa mwaka mmoja wa shufwa ulifika na vijana wa ukoo walikuwa wanatahiriwa, mtu wa video akaja na kamera lakini bila kanda ya kutosha. Kwa hiyo leo kanda hiyo inaanza na vijana waliopakwa udongo asubuhi na mapema, watu wanaimba, na ghafla, bila onyo, unajikuta katikati ya sebule ya Tausi na watu wanagombana kwa Kiswahili safi.

Kanda ninayoipenda kuliko zote ni ya 2003. Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki London tarehe 23 Agosti mwaka huo, akaletwa kuzikwa nyumbani Kitale. Kuka alikuwa na uwezo wa kupanda gari aende, ni mwendo mfupi, lakini alibaki nyumbani kwa sababu, kama alivyosema, lazima mtu mmoja abaki arekodi. Alirekodi mazishi akiwa na kitufe cha kusimamisha mkononi. Kila tangazo la biashara lilipokuja alisimamisha, likiisha aliendelea. Lakini kidole cha mzee hakikuwa na kasi. Kila mara unaona nusu sekunde ya tangazo, sabuni au mafuta ya kupikia, kisha picha inaruka, inatetemeka, waombolezaji wanarudi. Nikiitazama leo siwezi kuona mazishi peke yake. Naona na kidole chake.

Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Kwa hiyo kanda za Kuka nazo zina siku zake. Ila hazijafungiwa mtu. Deki yoyote, ya jirani au ya mnadani, inazisoma.

Tukaingia kwenye dijitali kwa kishindo. Rais Kibaki aliizindua Desemba 2009. Kesi kuhusu kuhama huko zikafuata, za Mahakama Kuu na ya Rufaa hadi Mahakama ya Juu. Na katikati ya Februari 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, KTN, NTV na Citizen zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Tarehe ya mwisho ya kimataifa ya kuacha analogi ilikuwa 17 Juni mwaka huo. Mjini Bungoma, kama kwingineko, watu walinunua ving'amuzi kwa kulalamika, na wengi hawakujua kwamba wamenunua pia kinasa video. Kwa sababu ving'amuzi vingi visivyo na malipo ya mwezi vilikuwa na tundu la USB mbele, na ukichomeka flashi na kubonyeza kitufe chekundu, vilirekodi.

Rekodi hizo za flashi ndizo za kuokolewa kirahisi, na nitaeleza kwa kuwa nimekutana na watu wanaozitupa. Chomoa flashi, ipeleke kwenye kompyuta. Ving'amuzi vingi hutengeneza folda yenye jina la ajabu. ALIDVRS2 ni mojawapo utakalolikuta mara kwa mara. Ndani yake kuna folda ya kila rekodi, na ndani ya hiyo, mafaili yenye namba: 000, 001, 002. Yamekatwa vipande kwa sababu flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haubebi faili iliyofika gigabaiti 4. Wengi wakiona majina hayo hudhani ni uchafu wa virusi. Hayo ndiyo yenyewe. Yacheze kwa VLC.

Mtu wa Trans Nzoia ataelewa nikisema faili ya runinga ya dijitali ni gunia la mahindi. Picha na sauti zimekatwa punje za baiti 188, na kila punje ina alama ile ile kichwani. Ukilichana gunia katikati, kilichomwagika bado ni mahindi. Ndiyo maana stima ikipotea wakati wa kurekodi, kilichokwisha kurekodiwa mara nyingi hakijaharibika. Kinachovurugika ni orodha tu, ile karatasi ya juu inayosema gunia lina nini. King'amuzi kitakuambia rekodi ina dakika sifuri. Usikiamini. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ya kipindi ni kama megabaiti 900. Tazama ukubwa wa faili, utajua kama Papa Shirandula yumo.

Diski kuu ni jambo lingine, na hapa naungama. Miaka kadhaa iliyopita niliifungua dikoda ya shangazi yangu, nikachomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta. Kompyuta ikasema diski haijafomatiwa, je, niifomati? Nikabonyeza ndiyo. Haikuwa tupu. Ilikuwa imepangwa kwa mfumo ambao Windows haiujui, kama dikoda nyingi ambazo ndani yake ni Linux, na nilifuta harusi ya binamu yangu iliyoonyeshwa kwenye runinga. Zipo programu za bure za kufukua vilivyofutwa, PhotoRec kwa mfano, lakini hata ningezijua siku ile zisingenisaidia, kwa sababu dikoda za kulipia hufunga rekodi kwa msimbo. Ufunguo wake hauko kwenye diski. Uko kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi pamoja na kadi yake. Hamisha diski kwenda dikoda nyingine ya aina ile ile, na itakuambia hapa hakuna kitu.

Na kufuli hilo si la sheria. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ukitazame baadaye si wizi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 nayo inaacha nafasi kwa matumizi ya haki ya mtu binafsi. Kwa hiyo sheria ilimwachia Kukhu mlango wazi, na mashine ikaufunga. Kuka alikuwa na kijimeno cha plastiki alichokivunja mwenyewe kwa kisu cha mezani, na alipotaka aliliziba tundu lake.

Huko Philadelphia, mwanamke aitwaye Marion Stokes alirekodi habari za runinga usiku na mchana tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha makumi ya maelfu ya kanda, na leo ziko chini ya ulinzi wa Internet Archive. Jamaa zake walimwona ana kichaa kidogo. Kilichonigusa ni kwamba alitumia kanda. Angetumia dikoda ya kulipia, tungerithi mnara wa masanduku meusi yasiyosema neno.

Kitale ina jumba la makumbusho lililotokana na mtu mmoja wa aina hiyo. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikusanya wadudu, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akauachia umma. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Vipepeo wake bado wamechomwa pini pale, kila mmoja na kikaratasi chake. Fundi wetu yuko mwendo wa miguu tu kutoka hapo, na ana flashi za wateja kwenye mkebe wa maziwa ya unga, zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito.

"Iko njia moja, mama," fundi alimwambia Kukhu. "Lakini ni ya polepole."

Dikoda inakataa kutoa faili, lakini haiwezi kukataa kuonyesha picha. Nyuma yake kuna matundu matatu ya kizamani, la manjano, jeupe na jekundu. Fundi alichomeka nyaya tatu, upande wa pili akaziunganisha na kifaa kidogo cha kunasa picha kilichochomekwa kwenye kompyuta. Ubora unashuka, kidogo. Shida kubwa ni muda: kipindi cha nusu saa huchukua nusu saa, na mechi ya dakika 90 ni dakika 90 na mapumziko yake. Hakuna kuharakisha. Kukhu akauliza ni siku ngapi. Fundi akahesabu kwa vidole, akasema aache hapo wiki mbili. Kukhu akavuta kiti.

Tulianza na Cairo, kwa kuwa diski haikuwa ya kuaminika na hiyo ndiyo aliyoitaja kwanza. Fundi alifungua mfuniko wa dikoda, akaelekeza feni ndogo kwenye diski. Nje mvua ya Kitale ikaanza. Watu waliokuja kuchukua simu zao walisimama mlangoni kukwepa mvua, kisha wakaingia, kisha wakaanza kumkemea mwamuzi. Mmoja alikuwa amesahau matokeo kabisa. Olunga wa Harambee Stars alipofunga la tatu, dakika ya 80, mtu huyo aliruka hadi akagonga rafu ya chaja.

Halafu yakaja matangazo ya biashara. Dikoda haina kidole. Ilirekodi yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, na sasa tulikuwa tukiyanakili yote. Kukhu aliyatazama bila kusema, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya goti, kidole gumba kimeinuka.

"Kuka wako," akaniambia, "saa hii angekuwa ashabonyeza."