Kuchunguza na Kujichunguza: Habari ya Kifo cha Mtwara, 2022

Katika nchi ya kusini, tangu Masasi hata Newala juu ya uwanda wa Wamakonde, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Kwa desturi ya zamani, mtu akiuawa, ukoo wake ndio uliodai damu. Mdai na mdaiwa walikuwa watu wawili. Serikali za kigeni zilipokuja, kazi ya kuuliza iliondolewa katika ukoo ikapewa polisi. Mpango huu wafaa maadamu mshukiwa ni mtu mwingine. Je, akiwa ni polisi?

Swali hili liliwafika jamaa wa kijana mmoja wa Nachingwea, wilaya inayopakana na Masasi. Alikuwa mfanyabiashara wa madini. Oktoba 2021 polisi walimkamata mjini Mtwara na kuchukua fedha zake. Alipozifuatia hakurudi tena. Mashtaka yalisema kwamba aliuawa tarehe 5 Januari 2022. Ni haki kukiri kwamba Januari hiyo hiyo polisi saba walifikishwa mahakamani. Mkaguzi mmoja aliyeshukiwa alikufa mahabusu. Ikaelezwa kwamba amejinyonga, na waliotoa maelezo ni polisi hao hao.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Katika Kiswahili, kiungo -ji- humrudishia mtenda tendo lake: ajikataye ndiye akatwaye. Lakini uchunguzi wahitaji watu wawili, aulizaye na ajibuye. Ukikitia kiungo hicho katika neno "kuchunguza", sarufi yakubali, bali maana yapungua. Februari 2022 Jeshi la Polisi lilipokuwa limeunda kamati yake, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Magu, aliikataa kwa hoja hiyo hiyo, akamwagiza Waziri Mkuu aunde nyingine.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1976 watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu, ingawa mkono wake haukuwamo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar es Salaam. Polisi walisema ni majambazi; tume ya Jaji Kipenka ikaona sivyo. Washtakiwa waliachiwa mwaka 2009, na mmoja tu akatiwa hatiani na Mahakama ya Rufani mwaka 2016, miaka kumi baada ya maziko.

Jamaa wa Nachingwea walingoja kidogo kuliko hao. Juni 2025 Mahakama Kuu, Mtwara, iliwahukumu maofisa wawili kunyongwa, ikawaachia watano. Tangu kifo hata hukumu ilikuwa miaka mitatu na miezi mitano.