Sumaku na sauti zisizo na msemaji

Mwezi Machi mwaka 2000, jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha ripoti fupi kutoka Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Ripoti hiyo ilihusu wagonjwa 12 tu. Wote walikuwa na maradhi ya skizofrenia, na wote walikuwa wakisikia sauti za watu wasiokuwepo. Daktari Ralph Hoffman na wenzake waliwawekea kichwani, juu na nyuma kidogo ya sikio la kushoto, koili ya waya inayotoa mapigo ya sumaku, pigo moja kila sekunde. Siku ya kwanza dakika 4, ya pili dakika 8, ya tatu 12, na ya nne 16. Hapakuwa na kisu, wala nusukaputi, wala sindano. Sauti zilipungua.

Kwa wanaoyajua maradhi hayo, habari hiyo haikuwa ndogo. Sauti hizo, ambazo wataalamu huziweka katika fungu la maruweruwe, si mawazo tu yaliyopotea njia. Mgonjwa huzisikia kama msikilizaji anavyoisikia redio: zina jinsia, zina lafudhi, zina hasira. Zinamtukana, zinamsimanga, zinabishana juu yake kana kwamba hayupo, na mara nyingine zinamwamuru ajidhuru. Aghalabu huanza ujanani, wakati mtu yuko chuoni au ndiyo kwanza ameanza kazi.

Tangu mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipoitangaza dawa ya klopromazini katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, tiba kuu imekuwa vidonge na sindano. Dawa hizo zimewarudisha wengi majumbani kwao. Lakini takriban robo ya wagonjwa huendelea kusikia sauti hata baada ya kumeza kila walichoandikiwa, na juu ya hayo hubeba mzigo wa madhara ya dawa zenyewe: kunenepa, kutetemeka mikono, usingizi usiokwisha. Hao ndio waliokuwa wakisubiri kitu kingine.

Umeme na kichwa cha mwanadamu

Wazo la kumtibu mtu kwa umeme ni kongwe kuliko umeme wa majumbani. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba maumivu ya kichwa hutulizwa kwa kumweka mgonjwa samaki hai wa jamii ya taa, yule anayepiga shoti, juu ya mahali panapouma. Mwanzoni mwa karne ya 19, Giovanni Aldini, mpwa wa mwanasayansi Luigi Galvani, alipitisha umeme wa betri katika vichwa vya watu wenye huzuni nzito nchini Italia, na akadai wamepona.

Hatua iliyoacha alama, na pia kovu, ilichukuliwa mjini Roma mwezi Aprili mwaka 1938. Ugo Cerletti na Lucio Bini walimpitishia umeme kichwani mwanamume aliyekutwa akizurura katika kituo cha treni, akiwa amechanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapakuwa na dawa ya usingizi. Lengo lilikuwa kumtia kifafa cha makusudi, kwa imani kwamba kifafa hicho kingeuamsha ubongo. Mtu huyo alipata nafuu kwa muda, na tiba ikaenea duniani kwa kasi. Leo inatolewa mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, misuli yake imelegezwa, na bado inaokoa maisha ya watu wenye sonona kali. Lakini miongo ile ya mwanzo, ambapo wagonjwa walivunjika mifupa na wengine kutishiwa mashine hiyo kama adhabu, iliifanya itajwe kwa hofu hadi hii leo. Kila aliyekuja baadaye na chombo cha umeme alilazimika kwanza kueleza kwamba chake si kile.

Tatizo lilikuwa fuvu. Mfupa wa kichwa hauruhusu umeme kupita kwa urahisi, hivyo mkondo wenye nguvu ya kutosha huichoma ngozi kabla haujaufikia ubongo. Mwaka 1980, Merton na Morton nchini Uingereza walifaulu kuuchezesha mkono wa mtu kwa kumpiga shoti moja juu ya kichwa, ila kulikuwa na maumivu. Sumaku haina shida hiyo, kwa kuwa hupenya mfupa kana kwamba haupo. Michael Faraday alikwisha kuonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu, na neva za binadamu nazo hupitisha umeme. Mfaransa Arsène d'Arsonval mwaka 1896, na Mwingereza Silvanus Thompson mwaka 1910, waliingiza vichwa ndani ya koili kubwa na kuona vimulimuli vya mwanga. Zaidi ya hapo hawakufika, kwani mashine za wakati wao hazikuwa na nguvu wala kasi.

Aliyefika ni Anthony Barker, mhandisi wa mji wa Sheffield. Mwaka 1985 yeye na wenzake walionyesha kwamba koili inayoshikwa kwa mkono, ikiwekwa juu ya utosi na kupitishiwa umeme mwingi kwa muda mfupi mno, huvirusha vidole vya mtu bila maumivu. Mwanzoni ilikuwa zana ya kupimia neva tu.

Kwa nini nyuma ya sikio la kushoto

Mambo mawili yalimpeleka Hoffman mahali pale. La kwanza lilitoka London mwaka 1993, ambapo Philip McGuire na wenzake walipiga picha za mtiririko wa damu ubongoni mwa wagonjwa wakati sauti zikisema. Iliyochangamka ilikuwa sehemu ambayo binadamu huitumia kutunga maneno yake mwenyewe. Picha za miaka iliyofuata ziliongeza sehemu za kusikilizia na kufahamu lugha, upande huo huo wa kushoto. Dhana ikapata nguvu kwamba sauti hizo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, yale ya moyoni ambayo kila mtu hujisemea, isipokuwa ubongo umeshindwa kuyatambua kuwa ni yake.

La pili lilitoka Marekani mwaka 1997. Robert Chen na wenzake waligundua kwamba mapigo ya polepole ya sumaku, takriban moja kwa sekunde, huitia uzito sehemu ya ubongo inayopigwa, na uzito huo hubaki hata mashine ikizimwa. Hoffman aliyaunganisha mambo hayo. Kama kuna sehemu inayopiga kelele, kwa nini isipunguzwe sauti?

Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba mtu anayeteseka hupata nafuu kwa kutendewa jambo lolote kwa uangalifu. Kwa hiyo kila mgonjwa alipata tiba mbili kwa nyakati tofauti, moja ya kweli na nyingine bandia, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika ile bandia, koili iliinamishwa nyuzi 45 ili ilie vilevile na kutikisa ngozi, huku nguvu yake nyingi ikienda pembeni. Ile ya kweli ilishinda.

Hesabu inapobadilika

Baada ya hapo palifuata miaka ya matumaini. Hoffman alirudia jaribio kwa wagonjwa 24 mwaka 2003, kisha kwa 50 mwaka 2005, na matokeo yakawa mazuri. Vituo vya Ulaya navyo viliingia kazini.

Pigo lilitoka Utrecht, Uholanzi, mwaka 2011. Christina Slotema, Iris Sommer na wenzao waliwagawa wagonjwa 62 katika makundi matatu. Kundi moja lilipigwa sumaku mahali pale pale pa Hoffman. La pili lilipigwa mahali ambapo picha za ubongo wa kila mgonjwa zilionyesha sauti zake zinapoibuka, yaani shabaha iliyolengwa kwa usahihi mkubwa zaidi. La tatu lilipata tiba bandia. Makundi yote yakawa sawa.

Matokeo hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yaliigusa dhana yenyewe. Kama kasoro ilikuwa kukosa shabaha, kundi la pili lingepaswa kushinda. Tena, tiba bandia katika majaribio haya si bure kabisa: fikiria mtu anayeishi peke yake na sauti zinazomtukana, ambaye sasa anaamka kila asubuhi kwenda mahali anapoitwa kwa jina lake, anakalishwa kitini, anaulizwa sauti zilimwambia nini jana, na jibu lake linaandikwa. Hiyo nayo ni tiba, ingawa haiuzwi na kiwanda chochote. Ndiyo maana jaribio lisilo na kundi la kulinganisha haliwezi kuaminiwa hapa, hata likifanywa na mtu mkweli kiasi gani.

Mkondo dhaifu nao ulipita njia ile ile. Mwaka 2000 huko Göttingen, Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus walionyesha kwamba umeme mdogo sana unaopitishwa kwenye sponji zilizoloweshwa maji huweza kubadili wepesi wa ubongo kuitikia. Mwaka 2012, Jérôme Brunelin na wenzake katika eneo la Lyon, Ufaransa, waliwapa wagonjwa 30 ama mkondo wa miliampea 2 ama tiba bandia, dakika 20, mara mbili kwa siku, siku 5. Waliopata mkondo wa kweli walipungukiwa na sauti kwa asilimia 31, na nafuu ilidumu miezi mitatu. Kifaa hicho ni cha bei nafuu, hubebeka mkononi, na mataifa maskini yangeweza kukimudu. Lakini mwaka 2018 jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa zaidi ya 50 halikuona tofauti yoyote na tiba bandia.

Vijana wa mwanzo wa maradhi

Sasa watafiti wanawaelekea vijana. Tangu miaka ya 1990, Patrick McGorry na wenzake mjini Melbourne, Australia, wamekuwa wakisisitiza kwamba mtu atibiwe mara tu anapoanza kutengana na uhalisia, kwani kila mwezi unaopotea una gharama yake. Wengi wa wagonjwa wa majaribio yaliyotajwa walikuwa wamesikia sauti kwa miaka mingi na kushindwa na dawa kadhaa. Huenda, wanahoji watafiti, ubongo ambao haujazoea sauti hizo unafundishika zaidi.

Hoja hiyo ina mantiki, lakini kuipima ni kazi. Wengi wa vijana hao hupata nafuu kwa dawa za mwanzo, hivyo wanaobaki na sauti ni wachache na hawapatikani kirahisi kituo kimoja. Tena mapigo ya sumaku, ingawa ni salama kwa walio wengi, huweza mara chache sana kusababisha kifafa, na baadhi ya dawa za skizofrenia nazo huongeza uwezekano huo. Kijana anayesadiki kwamba kuna watu wanaouchezea ubongo wake kwa mitambo, naye ataombwaje idhini ya kuwekewa mtambo kichwani?

Pia si kila sauti huja kwa shari. Utafiti wa Tanya Luhrmann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahoji wagonjwa 20 mjini Accra, 20 Chennai na 20 San Mateo, California. Wamarekani walizungumzia zaidi vurugu na vitisho. Wengi mjini Accra walisema sauti waliyoisikia zaidi ni ya Mungu, na ilikuwa njema. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako familia nyingi huanza kwa kumpunga mgonjwa pepo au kumsomea kabla ya kumfikisha hospitali, swali la nani anayesema hujibiwa kabla daktari hajaliuliza.

Nchini Marekani, mashine ya sumaku iliidhinishwa mwaka 2008 kwa ajili ya sonona, na si kwa ajili ya sauti. Hata hivyo sheria za huko humruhusu daktari kuitumia kwa maradhi mengine, na mgonjwa kulipa mwenyewe. Uingereza, taasisi ya kutathmini matibabu, NICE, ilitoa uamuzi wake mwaka 2020: usalama wa tiba hiyo hauna wasiwasi mkubwa, lakini ushahidi kwamba inazituliza sauti hautoshi, na kwa hiyo itolewe ndani ya utafiti pekee. Maana yake ni kwamba familia inayoitafuta huko kwa ajili ya kijana wao itaulizwa kwanza kama iko tayari kwa uwezekano wa yeye kuangukia kundi la koili bandia.