Mishale ya IMCI: kutoka kijitabuni hadi kwenye tableti

Kwetu Ihanda, kabla hujafika Tunduma, mtoto akikohoa anapelekwa zahanati. Mhudumu hufuata chati mtiririko ya IMCI, ile michoro ya visanduku na mishale iliyoandaliwa na WHO na UNICEF miaka ya 1990. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa miezi 12 hadi miaka 5, ni mara 40.

Sasa, aliyetimiza miezi 12 leo na anapumua mara 45? Kijitabu kinajibu kwa maandishi madogo: tumia 40. Anatibiwa nimonia. Muuguzi mzoefu analijua hilo kichwani, ila kompyuta haina uzoefu. e-IMCI, iliyojaribiwa kusini mwa Tanzania na kuchapishwa 2008, iliweka chati hiyo kwenye kompyuta za mkononi, na huko "hadi 12" lazima iwe "chini ya 12".

Baadaye ikaja medAL-creator, ambayo daktari anachora nayo chati bila kuandika kodi. Ndiyo iliyozaa ePOCT+, iliyojaribiwa 2021 hadi 2022 katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Penye ePOCT+, antibiotiki ziliandikwa kwa 23.2% ya mahudhurio, kwingine 70.1%.

Leo tunataka wakala wa akili mnemba ahariri chati kama hizo. Basi mwongozo wake usianze na rangi za vitufe (nami nimewahi kuandika hivyo, aibu). Uanze na mshale: unatoka kisanduku gani, kwa sharti gani, na 12 yenyewe iko upande upi.