Unataka kupanda Margherita? Hesabu siku kwanza, kisha lipa

Ukishafika Uhuru kule Kilimanjaro, ni rahisi kuamini kwamba mlima mwingine wowote Afrika utakuwa mwepesi kwako, kwa kuwa yote iliyobaki ni mifupi. Margherita ni mfupi kweli, lakini wapandaji wengi huona ni mgumu zaidi.

Kama unafikiria kujiunga na safari ya kwenda huko na waongozaji, haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujatoa pesa.

Margherita iko wapi?

Ni kilele cha juu kabisa cha Mlima Stanley katika safu ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Huu ndio mlima wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro (mita 5,895) na Mlima Kenya (mita 5,199).

Jina lilitolewa na Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia aliyekifikia mwaka 1906, kwa heshima ya Malkia Margherita. Wenyeji wa miteremko hiyo ni Wakonzo, na hata leo waongozaji na wapagazi wengi wanatoka kwao.

Upande wa Uganda ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na mwaka 1994 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wapandaji wengi huanzia upande huu, wakitokea mji wa Kasese. Upande wa Kongo njia hupitia Mutwanga, ndani ya Hifadhi ya Virunga, eneo ambalo usalama wake umekuwa tatizo kwa miaka mingi.

Unaweza kwenda peke yako?

Hapana. Unaingia hifadhini na muongozaji, na sio kwa sababu ya utaratibu tu. Njia inapita kwenye msitu, matope na mabonde yenye ukungu ambako ni rahisi kupotea. Huko juu kuna barafu yenye nyufa, na nyufa nyingine hufunikwa na theluji usizione.

Ndiyo maana kwenye barafu mnatembea mmefungana kamba. Mmoja akitumbukia, wenzake wanamzuia. Utavaa vyuma vyenye meno chini ya buti na kushika shoka la barafu. Kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro huhitaji vitu hivi, kwa hiyo usidhani uzoefu wa kule unatosha. Mwambie muongozaji ukweli kama hujawahi kuvitumia, akufundishe kabla ya siku ya kilele.

Barafu yenyewe imepungua sana tangu 1906 kwa sababu ya joto kuongezeka duniani. Inavyorudi nyuma, njia ya kupandia nayo inabadilika. Aliyepita miaka mitano iliyopita hawezi kukuambia kwa uhakika utakachokuta leo.

Safari inachukua siku ngapi?

Njia ya zamani, inayoanzia Nyakalengija, kwa kawaida huuzwa kama safari ya siku saba au nane. Angalia mnakolala:

• Usiku wa 1: Nyabitaba, takriban mita 2,650
• Usiku wa 2: John Matte, takriban mita 3,400
• Usiku wa 3: Bujuku, takriban mita 3,960
• Usiku wa 4: Elena, takriban mita 4,540
• Siku ya 5: kileleni, kisha kushuka mpaka Kitandara, takriban mita 4,020

Sasa piga hesabu. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulikolala jana. Pia upumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Kwenye ratiba hii, kutoka Nyabitaba kwenda John Matte unaongeza mita 750. Kwenda Bujuku unaongeza 560. Kwenda Elena, 580.

Yaani ratiba ya kawaida inakimbia kuliko ushauri, usiku tatu mfululizo. Wengi wanafika na kurudi salama. Lakini mwili wako ukichelewa kuzoea, ratiba haina nafasi ya kukusubiri.

Dawa yake ni siku moja ya ziada John Matte au Bujuku. Inaongeza gharama, kwa sababu wapagazi na waongozaji wanalipwa kwa siku. Kampuni yenye bei ya chini kuliko zote inaweza kuwa imeipunguza kwa kukata siku. Kwa hiyo usilinganishe bei tu. Linganisha bei pamoja na idadi ya usiku.

Njia nyingine huanzia Kilembe, na kwa kawaida ni ndefu zaidi. Ifanyie hesabu ileile.

Mwinuko unaumiza vipi?

Kwenye mita 5,100 kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayopata Mombasa au Dar es Salaam. Ujana na mazoezi havikukingi. Tena kijana mwenye nguvu mara nyingi ndiye anayejisukuma haraka akaumia.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi mbaya. Ukizipata, usipande zaidi mpaka ziishe. Zikizidi, shuka.

Hatari kubwa ni hizi mbili:

• Ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anayumba kama mlevi, anashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka.
• Mapafu kujaa maji: anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine anatoa povu lenye damu.

Hapo anashushwa mara moja, hata kama ni usiku. Dawa na oksijeni zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, iitwayo acetazolamide. Muone daktari kabla ya safari, na mwambie kama una mzio wa dawa za salfa.

Tatizo la Rwenzori ni njia ya kutokea

Hili wengi hawaulizi. Kitandara iko chini ya Elena, lakini iko katikati ya mapito mawili ya juu. Kutoka hapo kurudi nyumbani kwa njia ya kawaida lazima kwanza upande tena mpaka Freshfield, takriban mita 4,280. Kurudi ulikotoka nako ni kupanda, kupitia Scott Elliot, karibu mita 4,370.

Kwa hiyo mtu aliyezidiwa Elena ni bora ashuke kuelekea Bujuku kuliko kuendelea na wenzake mpaka Kitandara. Hapo kundi linagawanyika, na kila upande unahitaji muongozaji. Kama mpo watano na muongozaji ni mmoja, nani atamshusha mgonjwa?

Usitegemee helikopta sana. Mawingu ya Rwenzori yanaweza kuizuia siku nzima.

Waulize haya kabla ya kulipa

1. Tunalala usiku mangapi juu ya mita 3,000, na siku ya ziada iko wapi?
2. Waongozaji ni wangapi kwa watu wangapi?
3. Siku ya kilele, saa ngapi lazima tugeuke hata kama tumebakiza kidogo?
4. Mna oksijeni na redio au simu ya setilaiti?
5. Mmoja wetu akiugua Elena, anashuka na nani?
6. Wapagazi wanalala wapi, na wana nguo za baridi?

Jibu la "usijali, tutaona huko huko" linatosha kukufanya utafute kampuni nyingine.

Ubebe nini?

Mabuti ya mpira ni lazima, maana kuna sehemu matope yanafika magotini. Chukua koti na suruali za mvua, nguo za sufu, begi la kulalia la baridi kali, glavu jozi mbili na tochi ya kichwani. Miezi yenye mvua kidogo ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ingawa Rwenzori mvua hunyesha mwezi wowote. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika kuingia Uganda.

Na soma bima yako vizuri. Bima nyingi za safari haziwalipi wanaopanda juu ya mita fulani, au wanaotumia kamba na shoka la barafu. Hakikisha yako imeandika wazi kuwa inafika mita 5,109 na inalipia uokoaji.