Moto ndogo uwanjani: kabla ya mbio, mafuta yasimwagike

Hapa kwetu kijana akisema moto yake ni "ya mashindano", mara nyingi maana yake ni mambo mawili: ameng'oa vioo vya pembeni, na ametoboa bomba la moshi ili ipige kelele. Kelele hiyo tunaisikia kila jioni kwenye kartie zetu. Lakini kule ambako mbio za moto ndogo ni kama shule, Ulaya, Japani, Marekani na India, mkaguzi wa kwanza hajali kelele. Anapiga magoti, anaangalia chini ya injini, kwenye bolti ya kumwagia mafuta, kama imefungwa waya. Ikiwa haijafungwa, unarudishwa, hata kama injini yako inashinda zote kwa nguvu.

Ukaguzi huo hauwahusu mabingwa tu. Inchi hizo zina siku ambazo mtu yeyote analipa, analeta moto yake ya kawaida na kuzunguka uwanjani bila kutafuta mshindi. Huko ndiko wengi wanaanzia, kisha wanaingia mbio za watu wasiolipwa. Hata siku hizo ukaguzi upo, ijapokuwa ni mwepesi kidogo. Desturi hii haikuanguka kutoka mbinguni.

Tuanze na Japani. Mwezi wa tatu 1954, Soichiro Honda aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba kampuni yao itaenda kushindana kwenye mbio za Tourist Trophy, katika kisiwa cha Isle of Man, kati ya Uingereza na Ireland. Wakati ule Honda ilikuwa ikitengeneza moto ndogo za watu wa kawaida. Mwaka uleule alienda mwenyewe kutazama, akakuta injini za Ulaya, ndogo kama zake, zinamzidi nguvu kwa mbali sana. Alirudi nyumbani na kazi ya miaka mitano.

Walifika Juni 1959 wakaingia mbio za cc 125. Mshindi alikuwa Mwitaliano Tarquinio Provini juu ya MV Agusta, wala Wajapani hawakumkaribia. Naomi Taniguchi alimaliza wa sita, wenzake wawili wa saba na wa nane, na mwingine wa 11. Lakini Honda ilipewa tuzo ya timu, kwa sababu moto zake zilifika. Kwangu hicho ndicho kisa kizuri kuliko ushindi wa mwaka 1961, pale Mike Hailwood aliposhinda huko huko mbio za cc 125 na za cc 250 juu ya Honda. Moto ndogo isiyo na nguvu ya kutosha ilirudi na tuzo kwa kutovunjika.

Baadaye viwanda vilianza kuwauzia watu binafsi moto ndogo za mbio. Yamaha iliuza TD1 katika miaka ya 1960, na kuanzia 1973 ikauza TZ250. Mtu ananunua, anaipakia kwenye gari dogo, anaitengeneza mwenyewe usiku pamoja na ndugu au rafiki. Kumbe moto inayotengenezwa usiku na mtu aliyechoka inaweza kuachia bolti, na katika mbio bolti iliyoachia haimdhuru mwenyewe peke yake.

Hapo ndipo inaingia Monza, Italia, tarehe 20 Mei 1973. Jarno Saarinen wa Finland alikuwa bingwa wa dunia wa cc 250 wa mwaka 1972, na mwaka ule alikuwa ameshashinda mbio kubwa za Daytona na za Imola. Renzo Pasolini alikuwa Mwitaliano aliyependwa sana kwao. Mbio za cc 350 zilitangulia, na moto moja, Benelli ya Walter Villa, ilivuja mafuta mwishoni. Kisha cc 250 wakaondoka. Katika mzunguko wa kwanza, kwenye kona ndefu iitwayo Curva Grande, Pasolini alianguka, Saarinen aliyekuwa nyuma yake hakuweza kumkwepa, na madereva wengi wakawarundikia. Wote wawili walikufa palepale.

Chanzo kinabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema ni yale mafuta yaliyobaki njiani. Wengine wanasema injini ya Pasolini ilikwama ghafla, gurudumu la nyuma likashikwa. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba njia ilikuwa imezungushiwa vyuma vya kuzuia magari, na kwa mtu wa moto vyuma vile ni ukuta. Yamaha iliondoa timu yake ya kiwanda kwa mwaka mzima uliobaki. Sisemi kwamba sheria zote zilizaliwa siku ile, zilikuja kidogo kidogo. Ila ukisoma sheria za leo utaona kila moja inajibu swali hilo moja: wewe ukianguka au injini yako ikipasuka, yule anayekufuata atakanyaga nini?

Kwa hiyo matayarisho ya moto ndogo ya mbio yanaanza kwa kuondoa. Vioo vinatoka, taa zinatoka au zinafunikwa kwa utepe ili vipande vya kioo visisambae, plaki ya namba inatoka, na chuma cha kusimamishia kinatoka kwani kikishuka kwenye kona kinakuangusha. Yule kijana wetu wa kartie basi aliona kitu cha kweli alipong'oa vioo. Alisahau tu kwamba uwanjani wote wanaelekea upande mmoja, hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mama anayevuka na mzigo wa makala.

Kisha unakuja waya. Kichwa cha bolti kinatobolewa tundu dogo, waya wa chuma kisichoshika kutu unapitishwa, unasokotwa, na ncha yake inafungwa mahali pagumu kwa namna ya kuivuta bolti upande wa kukaza. Hata ikitaka kulegea haitoki. Ni ufundi wa ndege uliohamia kwenye moto. Wanafunga hivyo bolti ya kumwagia mafuta, kifuniko cha kujazia, na chujio.

Kwenye radiateri, ile dawa ya kupozea ya madukani inamwagwa na kuwekwa maji matupu, kwa sababu dawa ile ikimwagika inateleza kama sabuni na haikauki upesi. Chini ya injini linawekwa gamba kama beseni, na sheria nyingi zinataka liweze kushika angalau nusu ya mafuta na maji yote ya injini. Bomba la injini la kupumulia linaelekezwa kwenye chupa. Ni baada ya hayo ndipo watu wanazungumza juu ya breki mpya, mipira inayoshika vizuri, springi za mbele zinazolingana na uzito wa dereva, na kubadilisha gia ya mnyororo kwa jino moja kulingana na urefu wa uwanja. Injini yenyewe mara nyingi inaachwa kama ilivyotoka kiwandani. Moto ndogo haina nguvu nyingi za kuongezwa, na anayezitafuta kwa bei kubwa anashindwa na yule aliyejifunza kuingia kwenye kona.

Ndiyo maana moto kama Kawasaki Ninja ya cc 250 ilidumu miaka mingi katika mbio za wasiolipwa huko Marekani, ikiuzwa karibu bila mabadiliko toka 1988 hadi 2007. Vipuri vyake vilikuwa vingi na rahisi. Mwaka 2017 wakuu wa mbio za dunia walianzisha daraja la Supersport 300 kwa moto za jamaa hiyo, na mwaka uliofuata Ana Carrasco wa Hispania alichukua ubingwa juu ya Kawasaki. Akawa mwanamke wa kwanza duniani kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za uwanjani za moto za mtu mmoja akichanganyika na wanaume.

India inatugusa karibu zaidi. Hapa mashariki mwa Congo jina la TVS halihitaji maelezo, kila motari analijua. Kampuni hiyo ya kusini mwa India ina timu ya mbio tangu 1982. Zamani mbio za huko zilifanyika Sholavaram, karibu na Chennai, kwenye kiwanja cha ndege kilichobaki toka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye ulijengwa uwanja wa kweli kule Irungattukottai. TVS ilianzisha mashindano ambayo madereva wote wanapanda moto za aina moja zilizotengenezwa sawa, ili tofauti ibaki kwa mtu.

Kwetu uwanja wa namna hiyo hatuna. Tuna barabara, na katika msimu wa mvua mafuta ya moto moja iliyovuja kwenye mteremko yanaangusha watu watatu kabla mtu hajaleta mchanga. Bolti ya kumwagia mafuta kwenye moto za kazi inafunguliwa mara nyingi sana, na garaji nyingi zinaikaza kwa nguvu zote mpaka meno yake yanaliwa, kisha inaanza kudondosha. Kuitoboa kunataka ncha nyembamba ya milimita moja na nusu hivi, mafuta kidogo ya kupozea, na uvumilivu, kwani chuma hicho ni kigumu na ncha inavunjika ukiharakisha. Mashine ya kutobolea ipo karibu kila mahali wanapochomelea milango.